Keisuke Honda: anakushinda, anakunywa soda yake, halafu anakuambia ukafikiri kwa nini umeshindwa

#1 Fundi Saa

Wakuu, salaam.

Mimi kazi yangu ni saa. Nina meza yangu Kariakoo, lenzi ya jicho moja na droo la betri. Mwezi uliopita kijana mmoja kaniletea saa ibadilishwe betri, akawa anasubiri huku anachezea simu. Ghafla akanigeuzia kioo: "Fundi, mcheki huyu. Huyu ndiye mteja unayemtaka."

Picha ya Mjapani, nywele kazipaka njano, suti imemkaa, miwani myeusi. Mkono wa kushoto saa. Mkono wa kulia saa. Nikajua watu wameichezea picha. Kijana akasema hapana, huyo ni Keisuke Honda, ndivyo anavyovaa.

Honda nilikuwa namjua kwa mpira. Ile faulo aliyowapiga Denmark pale Rustenburg, Kombe la Dunia 2010, niliiona kibanda umiza, tumebanana mpaka jasho la jirani linakuwa lako. Mpira ulitoka mguu wa kushoto ukayumba hewani, kipa akaruka na hewa. Japani wakashinda 3-1. Basi, kwangu Honda alikuwa hiyo faulo na mengine kidogo ya Milan.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kufukua. Wiki tatu nafukua. Nimekuja na hoja moja, mnipige mawe au mninunulie soda: sijaona mchezaji wa Asia ambaye mitandao ya kwao imemchakaza kwa mapenzi kama huyu, na sababu si miguu. Ni mdomo.

Nianze na soda. Mwaka 2019 Pepsi walitoa tangazo kule Japani kupitia Twitter. Ni mchezo wa watoto: jiwe, karatasi, mkasi. Wewe unachagua chako, inakuja video. Honda kasimama na suti, anakutazama machoni kama mwalimu wa nidhamu, anatoa mkono. Ukishindwa, na wengi walikuwa wanashindwa, anatamka taratibu: "Nimeshinda mimi. Kwa nini umeshindwa, kafikirie mpaka kesho. Ukifikiri, kuna kitu utaanza kukiona." Halafu anachukua chupa ya soda ambayo ingekuwa yako, anasema kwa lafudhi ya Osaka, "Haya, nakunywa," anakunywa.

Wakuu, jiwe-karatasi-mkasi! Mchezo wa bahati! Kuna nini cha kufikiria mpaka kesho? Hapo ndipo utamu ulipo. Mtu anakupa mawaidha mazito kwa jambo lisilo na uzito wowote, na uso haucheki hata kidogo. Japani ikawaka. Watu wakawa wanashindwa makusudi ili wakaripiwe. Wakawa wanachukua sura yake na maneno yale wanabandika kwenye kila kitu, mitihani, mapenzi, uchaguzi. Na ukishinda je? "Si mbaya. Kesho niache nilipize kisasi. Haya, karibu." Nimeangalia zote mbili na nawaambia ya kushindwa ni tamu zaidi.

Sasa huyu mtu hakuanza leo. Akiwa darasa la sita aliandika insha ya shule, kichwa "Ndoto yangu ya baadaye". Kaandika kwamba atakuwa mchezaji bora duniani, ataingia Serie A, ligi ya Italia, atapata namba, atavaa jezi namba 10. Mshahara anautaka yen bilioni 4 kwa mwaka. Kampuni ya viatu alishaichagua, Puma. Na fainali ya Kombe la Dunia Japani itaifunga Brazil 2-1. Matokeo kamili kayaweka mtoto wa shule ya msingi!

Mtoto huyo huyo akaenda timu ya vijana ya Gamba Osaka, alipofika umri wa kupandishwa daraja hawakumpandisha. Akaenda sekondari ya Seiryo, mkoa wa Ishikawa, mbali na kwao. Kutoka hapo Nagoya Grampus, Venlo ya Uholanzi, CSKA Moscow, na Januari 2014, AC Milan. Serie A. Jezi namba 10. Insha ikafufuliwa, ikazunguka mitandaoni kama taarifa ya msiba. (Viatu akaja kuvaa Mizuno, hapo insha ilikosea. Brazil nayo tunaisubiri.)

Siku ya kutambulishwa Milan wakamuuliza kwa nini kaichagua klabu ile. Mwenzetu akajibu kwamba alimuuliza Honda mdogo aliye ndani ya moyo wake, "unataka kucheza wapi?" na Honda mdogo akajibu, "AC Milan." Waandishi wakacheka. Yeye hakucheka. Mpaka leo huyo Honda mdogo bado anatajwa tajwa na watu wakitaka kujitania.

Mwaka 2019 hana timu. Mtu mwingine angetuma wakala gizani. Yeye akaingia Twitter, akaitaja Manchester United hadharani: nipeni ofa, pesa sihitaji, nahitaji timu kubwa na wachezaji wenzangu wakubwa. Umri miaka 33. Mimi ni shabiki wa United tangu enzi za Yorke, na msimu ule nilivyokuwa nateseka ningempa hata bure.

Karibuni. Mnaomjua zaidi, tiririkeni.

#2 Kandambili

Uzi bila picha ni umbea.

Halafu umesema anavaa saa mbili. Asubuhi au usiku?

#3 Mwana wa Mtoni

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu, hujamsikia Son Heung-min wa Korea Kusini? Umesema "wa Asia" kwa sauti kubwa kweli.

#4 Fundi Saa

Kandambili, kwa hili nitakufungulia kesi 😂

Mwana wa Mtoni, Son anapendwa, hakuna ubishi. Ila Son hana maneno yanayotumika na mtu aliyeunguza wali. Soma tena nilichoandika: miguu nimeiweka pembeni.

#5 Shombo la Feri

Mkuu Fundi Saa, heshima kwako, lakini umepotea njia. Ukitaka Mjapani wa mitandaoni sema winga Kaoru Mitoma, huyo mwingine ni msanii wa vichekesho.

Mitoma alipomaliza sekondari Kawasaki Frontale walitaka kumpa mkataba. Akakataa! Akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba kusoma. Tasnifu yake ya mwisho kaandika kuhusu kupiga chenga, aliwafunga wenzake kamera ndogo kichwani aone macho ya mpiga chenga mzuri yanaangalia wapi. Hiyo ndiyo stori.

Kombe la Dunia Qatar, tarehe 1 Desemba 2022, Japani na Hispania. Mpira unatoka nje, watu wazima wote tunaona umetoka, Mitoma anaurudisha, Ao Tanaka anatumbukiza. VAR ikaenda ikarudi, goli. Ile picha iliyopigwa kutoka juu, mpira umebaki juu ya chokaa kwa unene wa kucha, ilizunguka dunia nzima. Wajapani wakaiita "milimita moja ya Mitoma". Ujerumani akafungasha virago kwa ajili ya hiyo milimita. Na huyo Tanaka walisoma naye shule ya msingi moja.

Halafu lile goli lake akiwa Brighton, dhidi ya Liverpool, Kombe la FA Januari 2023, dakika za majeruhi: anautuliza hewani, anamtegea beki Gomez, anaugusa tena ukiwa bado juu, wavu. Na lile aliloifunga Chelsea Februari 2025, kipa kapiga mrefu kutoka kwake, jamaa kaudaka na kidole cha mguu kama anatoa yai kiotani. Msimu ule alifunga 10 kwenye ligi, Mjapani wa kwanza kufikisha hayo Ligi Kuu ya England. Hakusema neno. Hiyo ndiyo inaitwa kupendwa kwa kazi.

#6 Mzee wa Kona

Vijana mna kelele. Hapa hakuna aliyemtaja Hidetoshi Nakata, kiungo wa Japani wa enzi zetu, basi mmeanzia katikati.

Nakata alikuwa hawapendi waandishi wa habari, alisema wanamgeuzia maneno. Akafungua tovuti yake mwenyewe mwaka 1998, mwaka aliokwenda Perugia ya Italia na kuwafunga Juventus mawili siku ya kwanza. Mwaka 1998, nyinyi wengi mlikuwa hamjui kompyuta inawashiwa wapi. Akitaka kusema kitu anakiandika pale, mashabiki wanakisoma kwake, gazeti likitaka nalo likasome pale pale. Mnayoyaona leo wachezaji wanatangaza mambo yao kwenye akaunti zao, huyu alishayafanya.

Juni 2006, Dortmund, Brazil wamewapiga Japani 4-1. Nakata akalala chali katikati ya uwanja, jezi imemfunika uso, dakika nyingi, uwanja unabaki mtupu. Watu hawakuelewa. Tarehe 3 Julai akaandika kwenye tovuti yake kwamba anaacha mpira. Miaka 29! Hakuna mkutano na waandishi, hakuna keki. Kaandika kaondoka.

Honda ni mjukuu wa hilo.

#7 Fundi Saa

Mzee wa Kona, hapa nimevua kofia. Hilo la tovuti nilikuwa silijui na linanisaidia hoja yangu. Nakata alitumia intaneti kama ukuta, watu wakae upande wa pili. Honda kaitumia kama baraza, kakaa nje, kila anayepita anamtania naye anajibu.

Shombo la Feri, wala sikatai Mitoma. Goli la Chelsea nimelirudia mpaka bando likakata. Ila jiulize: video ya Mitoma unamtumia nani? Mwenzio wa mpira. Bibi yangu nikimwonyesha atasema "kafunga, haya." Ya Honda na soda nimemwonyesha mke wangu, hajui hata kona ni nini, na hajui Kijapani. Kacheka mpaka kikombe kikamwagika.

#8 Kaskazi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi nipo Japani, mji wa Nagoya, mwaka wa saba sasa. Nachangia kwa niliyoyaona.

Kwanza kuna kitu hamjakitaja na hapa ndicho cha zamani kuliko soda. Pembetatu. Kwa Kijapani pembetatu ni "sankakukei". Sasa Wajapani wakimtaja mtu kwa heshima wanaongeza "san", na kijana akisifia kitu kikali anasema "kakkee". Kwa hiyo "Honda-san kakkee", yaani "bwana Honda ni noma", ukiisema haraka inagongana na neno pembetatu. Watu wa jukwaa kongwe la 2ch wakaanza kuandika jina lake wakiweka alama ya pembetatu mwishoni: 本田△. Hiyo ni ya miaka ya 2010 hivi, alipokuwa CSKA. Nilivyofika na kuanza kujifunza kusoma nilidhani ni alama ya tahadhari, labda huyu mtu ana kadi.

Pili, mwaka ule wa tangazo nilikuwa nafanya kazi za muda jikoni kwenye mgahawa. Kila usiku taka lazima zitolewe, na anayetoa anachaguliwa kwa jiwe-karatasi-mkasi. Tulikuwa wanne. Baada ya tangazo lile ikawa haipiti siku bila aliyeshinda kusimama wima, kushika chupa ya mchuzi wa soya badala ya soda, na kumkazia macho aliyeshindwa: kafikirie mpaka kesho. Mpishi mkuu wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mkimya, mpira hataki kusikia, yeye ni besiboli. Siku moja akanishinda. Nikadhani ataendelea na kisu chake. Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua ile chupa, akalisema lote mwanzo mwisho, bila kukosea neno. Mimi nikatoka na mifuko miwili ya taka nje kwenye baridi, nacheka peke yangu.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi. Mitoma anaheshimiwa hapa, watoto wanaiga chenga zake. Honda anaigwa na watu wasiocheza.

#9 Msee wa Umoja

Wasee wa Bongo mnampenda mtu wa maneno, si mnajua wenyewe kwa nini. Wasemaji wa klabu zenu wanajaza uwanja kuliko straika.

Mimi naleta upande wa pili. Botafogo ya Brazil, 2020. Mashabiki wa Brazil walimjazia akaunti zake jumbe, njoo, njoo, njoo, mpaka jamaa akakubali. Alivyotua Rio mwezi wa pili uwanja wa ndege ulifurika, ngoma, moshi, watu wanabebana mabegani. Usajili wa mtandao kabisa. Sawa. Mechi ya kwanza ikaja Machi, dhidi ya timu ya Bangu. Korona imeingia. Mageti yamefungwa. Wale watu wote waliomwita wako nyumbani, jamaa anapiga penalti, anafunga, na hakuna wa kushangilia ila wenzake na viti. Mechi ikaisha 1-1. Mwisho wa mwaka kaondoka, na timu msimu ule ikashuka daraja.

Likes hazifungi goli. Ni hayo tu.

#10 Fundi Saa

Msee, umeandika kama unanipinga ila umenipa kipande bora kuliko vyangu vyote. Penalti ya viti. Nimeisoma mara tatu.

Kushuka daraja kwa Botafogo kulikuwa gonjwa la muda mrefu, usimbebeshe mtu mmoja. Ila nakubali, alipoanza kuzunguka, Melbourne, Vitesse, Rio, Baku, Lithuania, mpaka Bhutan mwaka 2024, mpira wenyewe ulikuwa umebaki kama chumvi kwenye mchuzi.

#11 Boda wa Ntinda

Mimi Honda ninayoijua ni ya magurudumu mawili, lakini huyu naye tulikuwa naye huku Uganda, hamjasema.

Kampuni yake inaitwa Soltilo. Iliingia kwa timu yetu moja iliyokuwa ligi kuu wakati huo, Bright Stars, wakaongeza jina mbele ikawa Soltilo Bright Stars. Timu si kubwa, si KCCA wala Vipers. Uwanja wao ulikuwa Mwererwe, ukitoka Kampala unapita Matugga, barabara vumbi. Nilikuwa napeleka abiria huko siku za mechi. Siku moja nikabeba mzungu... hapana, nilidhani mzungu, kumbe Mjapani, na kamera shingoni, anaenda kuona mechi ya Bright Stars. Nikamuuliza kwa nini usiende SC Villa, timu yetu kubwa? Akanionyesha simu, picha ya Honda. Alikuwa ametoka kwao mpaka Matugga sababu ya jina lililo kwenye jezi. Watu kwa uwanja hawakufika mia tatu siku hiyo, na mmoja katoka Japani.

Alinilipa vizuri, hakuomba nipunguze hata mia.

#12 Shombo la Feri

Boda, hiyo imenimaliza. Naomba niulize tu, hizo timu alizoingia zilifika wapi? Maana na Austria alikuwa na SV Horn. Na Kambodia alikuwa kocha wa taifa kuanzia 2018 huku bado anacheza Melbourne! Unafundisha nchi moja, unacheza nchi nyingine, leseni ya ukocha huna, wakakupa cheo cha meneja mkuu ili karatasi zikae sawa. Mechi ya kwanza Malaysia wakamfunga 3-1. Huyo mtu hatulii sehemu, ndiyo maana namwambia ni vichekesho.

#13 Kaskazi

Shombo, umesahau na ile timu ya ridhaa ya Tokyo aliyoianzisha 2020, wanachama wa mtandaoni wanapiga kura kuamua mambo ya timu. Iliitwa One Tokyo, sasa ni EDO ALL UNITED. Ilianzia daraja la chini kabisa la mkoa.

Wajapani wanamcheka kwa hayo hayo unayoyasema. Ila wanamcheka kama unavyomcheka mjomba anayekuja msibani na suti nyeupe. Asipokuja unauliza yuko wapi.

#14 Fundi Saa

Mjomba na suti nyeupe. Funga uzi, mod.

Kabla hujafunga, niwape ya Qatar, maana ndiyo iliyowakamata hata waliokuwa wanamchukia. Kombe la Dunia 2022 lilionyeshwa Japani bure kwenye mtandao wa ABEMA, mechi zote 64, na Honda akawekwa kuwa mchambuzi. Wachambuzi wa kule ni watu wa adabu, wanaongea kama wanasoma wosia. Yeye akaongea kama tulivyo sisi kibanda umiza, kwa lafudhi ya Osaka. Faulo anapiga kelele. Wachezaji wa timu yake ya taifa, vijana waliomkuta yeye nyota, anawaita kwa heshima "Mitoma-san", kama anaagiza kitu dukani kwao. Rüdiger, beki wa Ujerumani, alipokimbia kwa madaha na kumwacha Mjapani, Honda akalalamika wazi kwamba anawadharau.

Halafu tarehe 23 Novemba, Japani wanaongoza 2-1 mbele ya Ujerumani. Dakika 90 zimeisha, roho zinapwita. Kibao kinainuliwa, dakika 7 za nyongeza. Mchambuzi wa adabu angesema "dakika saba za nyongeza, tuvumilie." Honda alipiga yowe: "Dakika saba!?" Sauti imepanda kama ya mtu aliyepewa bili ya hoteli. Usiku ule ule lile yowe likawa linatrendi Japani nzima, maana ndicho kila mtu alichokuwa anakisema mbele ya kioo chake.

Shombo, unajua goli la kusawazisha siku ile lilipita kwa nani upande wa kushoto? Mitoma wako. Kwa hiyo hatugombani. Wako alikuwa uwanjani, wangu alikuwa anapiga kelele kwa niaba yetu.

#15 Shombo la Feri

Hapo sawa. Ila raundi iliyofuata, na Croatia, penalti ya Mitoma ikadakwa na jamaa akalia mbele ya dunia. Nilimpenda zaidi siku ile kuliko goli lolote.

#16 Mzee wa Kona

Hapo nakuunga mkono kijana.

#17 Nyanya Chungu

Jamani mimi mpira sijui, nimepita tu baada ya kuona neno soda. Nimesoma uzi wote nimechelewa kubandika maharage.

Jana usiku tumecheza karata na mume wangu, nimempiga tatu mfululizo. Nikasimama, nikachukua glasi yake ya juisi, nikamwambia, "Nimeshinda mimi. Kafikirie mpaka kesho kwa nini umeshindwa." Nikanywa yote. Mpaka saa hii tunavyoongea hajaniuliza chai iko wapi, kaenda kujipikia.

#18 Kandambili

😂😂 Nyanya Chungu nyumba ina moto.

Fundi Saa, mimi nina shida ya kweli. Nina saa ya marehemu mzee wangu, ya kujaza kwa mkono, imesimama tangu 2016. Nimezunguka kwa mafundi wawili, wa kwanza kasema spea hakuna, wa pili kaipoteza skrubu moja. Unaweza?

#19 Fundi Saa

Pole kwa mzee. Njoo PM nikuelekeze meza yangu ilipo. Usijaribu kuifungua mwenyewe, na hiyo skrubu usitafute ya kufanana kwenye saa nyingine.

Bei tutaongea. Ikinishinda, nitafikiri mpaka kesho kwa nini.